Tuwasubiri au tuzike? Kisa cha msiba wa Mwanza na kilomita 742 za kwenye simu

Mzee mmoja mzaliwa wa Tanga, aliyelowea Mwanza kwa biashara tangu ujana wake, alifariki nyumbani kwake Nyegezi Jumatano alfajiri, muda mfupi baada ya adhana. Simu ilifika Ngamiani kabla ya saa 12 asubuhi. Huku Tanga alikuwa na dada yake mkubwa, bibi ambaye magoti yameanza kumsumbua, na mdogo wao wa mwisho. Wazee wa Nyegezi walitoa habari, wakapeana pole, kisha wakauliza swali moja tu: "Tuwasubiri au tuzike?"

Aliyejibu ni mtoto wa yule dada, kijana anayetegemewa na ukoo mzima kwa mambo ya tiketi na mitandao. Aliandika majina ya miji miwili kwenye simu yake, na jibu likaja papo hapo: kilomita 742 kwa njia ya anga, mwendo wa saa 1 na dakika 22. Akajumlisha na muda wa kutafuta viti na wa kufika uwanjani, na ilipofika saa 12 na dakika 50 asubuhi akawapigia: "Wajomba, tusubirini. Adhuhuri tutaiswali Mwanza."

Wazee wakalitegemea neno hilo. Wakatangaza kwamba maiti ataswaliwa baada ya Alasiri, na saa 11 jioni watakuwa makaburini.

Msafara wa Tanga ulifika Nyegezi saa 2 na dakika 50 usiku. Marehemu alikuwa ameshazikwa saa 11 na dakika 45, baada ya watu kukaa msikitini muda mrefu wakiangalia barabara. Dada mtu hakuuona uso wa ndugu yake. Hakuna aliyemlaumu mwanawe mbele za watu, lakini kijana mwenyewe alikaa matanga yote kichwa kikiwa chini.

Kazi yangu ni kukatia watu tiketi hapa mjini, na familia waliporudi Tanga waliniita barazani. Hawakutaka kulaumiana, walitaka kuelewa saa zilikwenda wapi. Tulikaa na karatasi, na ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona pale, kwa ruhusa yao na bila majina. Nayaandika kwa sababu swali la wazee wa Nyegezi litaulizwa tena katika nyumba nyingine, pengine wiki hii hii, na anayelijibu ana haki ya kujua anajibu nini.

Simu ilisema kweli, ila kwa swali jingine

Kilomita 742 ni sahihi. Programu za umbali huchukua latitudo na longitudo ya kila mahali, huichukulia dunia kama tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, na kupima njia fupi kuliko zote juu ya uso wake. Uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu digrii 5.09 kusini na 39.07 mashariki, wa Mwanza uko kama digrii 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Kokotoa mwenyewe kwa mkono, utaangukia palepale.

Ukiuchora mstari huo juu ya ramani utaupenda. Unatoka Tanga, unapanda milima ya Usambara karibu na Lushoto, unashuka na kuvuka mbuga za Simanjiro, unapita juu ya Ziwa Manyara, unaambaa jirani na Ziwa Eyasi, unakatiza upande wa Bariadi, kisha unateremkia Ziwa Victoria. Ni njia nzuri kweli. Lakini hakuna ndege ya abiria yenye ratiba inayoifuata. Hakuna mtu anayekuuzia kiti juu ya mstari huo.

Muda nao ulipatikana kwa namna ileile. Programu nyingi hugawa umbali kwa mwendo wa ndege kubwa ya jeti, kama kilomita 850 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Gawa 742 kwa 850 utapata dakika 52. Ongeza 30, unafika kwenye saa 1 na dakika 22 aliyoiona kijana. Hesabu ni safi, lakini imefanywa kwa ndege isiyotua Tanga na kwa safari isiyokuwepo. Ndege zinazobeba abiria kutoka uwanja wetu ni ndogo, za aina ya Cessna Caravan, zenye injini moja ya panga na viti visivyozidi kumi na tatu au kumi na nne. Mwendo wake ni karibu kilomita 300 kwa saa. Hata kama ingeruka moja kwa moja hadi Mwanza, ingetumia karibu saa 2 na nusu.

Hili si kosa la kijana peke yake. Mtu akiona umbali na muda vimeandikwa pamoja, tena kwa dakika kamili, atachukulia kwamba kuna mtu aliyewahi kusafiri hivyo. Dakika 22 zinaonekana kama zimepimwa kwa saa ya mkononi. Ingekuwa imeandikwa "mstari ulionyooka, bila kujali kama ndege ipo", naamini angenyamaza kwanza kabla ya kupiga simu.

Njia waliyopita

Sasa tufuate miguu yao. Saa 1 na dakika 40 asubuhi walianza kuulizia ndege ya Tanga kwenda Dar es Salaam. Ilikuwepo moja, ya saa 6 na dakika 50 mchana, na viti vitatu vilikuwa wazi. Wakashukuru Mungu, wakalipa. Kutoka hapo wakawa na asubuhi nzima ya kungoja huku jamaa wa Mwanza wakiosha na kukafini.

Ndege haikwenda Dar moja kwa moja. Ilipita Pemba, ikapita Unguja, ndipo ikatua Dar. Tanga hadi Pemba ni kilomita 84 hivi, Pemba hadi Unguja 125, Unguja hadi Dar 73. Jumla 282, wakati mstari wa moja kwa moja kutoka uwanja wa Tanga hadi wa Dar ni kilomita 198 tu. Kila kituo kilichukua kama robo saa ya kushusha na kupakia. Walitua Dar saa 8 na dakika 40.

Niseme kidogo kuhusu upepo, maana watu wa pwani tunaujua kwa mashua na tunausahau kwa ndege. Wakati wa kusi, ndege ndogo inayotoka Tanga kwenda kusini inasukumwa usoni. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukiipiga ndege yenye mwendo wa 300, kilomita 198 zilizokuwa za dakika 40 zinakuwa za dakika 46. Kwa jeti upepo huo ni kitu kidogo sana. Kwa Caravan yenye vituo vitatu, ni dakika za kuhesabiwa.

Uwanja wa Julius Nyerere una majengo matatu ya abiria. Ndege ndogo za mikoani na visiwani hushushia Jengo la Kwanza. Ndege kubwa za ndani, zikiwemo za Mwanza, huondokea Jengo la Pili. Jengo la Tatu, lililofunguliwa 2019, ni la safari za nje. Kwa anayefika na tiketi mbili tofauti, kutoka jengo moja kwenda jingine maana yake ni kuchukua mizigo yote, kutoka nje, kutafuta gari, kuingia upya kwenye ukaguzi. Bibi mwenye magoti mabovu hafanyi hivyo kwa dakika tano. Walifika dirishani saa 9 na dakika 10.

Hapo wakaambiwa kwamba ndege ya mchana ya Mwanza iliondoka saa 7 na dakika 55. Inayofuata ni ya saa 12 na dakika 10 jioni.

Dar hadi Mwanza ni kilomita 851 kwa anga, na walipanda jeti, kwa hiyo walitumia saa 1 na nusu. Wangepangiwa ndege ya mapanga, muda ungerefuka: ATR 72 hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, Dash 8 Q400 kama 650, wakati jeti aina ya Airbus A220 hupita 800. Abiria hawaangalii aina ya ndege kwenye tiketi, na mara nyingi haina haja. Siku ya msiba ina haja.

Wakatua saa 1 na dakika 40 usiku. Uwanja wa Mwanza uko Ilemela, kaskazini mwa mji; Nyegezi iko kusini. Ilibidi wavuke mji mzima, na kabla ya hapo wangoje mizigo. Saa 2 na dakika 50 wakagonga mlango.

Tulipojumlisha barazani, yule mdogo wa marehemu alishika kichwa. Kilomita walizoruka ni 1,133, wala si 742. Na kutoka lile jibu la saa 12 na dakika 50 asubuhi hadi mlango wa Nyegezi ni saa 14 kamili. Ndani ya saa hizo 14, ndege ilikuwa hewani kwa muda usiofika saa 3. Saa 6 zilikwisha Tanga kabla ya kupaa. Saa 3 na nusu zilikwisha Dar, kati ya kutua na kuondoka. Hizo mbili peke yake ni saa 9 na nusu za kungoja. Umbali haukuwachelewesha, kilichowachelewesha ni ratiba.

Mkosi ulikuwa kwenye kiungo cha Dar

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kisa kinapofunguka.

Familia ilianza kupanga safari kutoka mlangoni pao: tutatokaje Tanga? Ni silika. Uko nyumbani, una haraka, unatafuta chombo cha kwanza kinachotoka. Lakini kipande cha Tanga hadi Dar kina vyombo vingi, mabasi tangu alfajiri, magari binafsi, teksi za kukodi. Kipande chenye vyombo vichache ni cha Dar hadi Mwanza. Siku ile, kwa mtu aliye Tanga saa 1 asubuhi, vilikuwa viwili tu vilivyowezekana: saa 7 na dakika 55 mchana, au saa 12 na dakika 10 jioni. Swali lote la "mtafika lini" lilikuwa na majibu mawili tu, alasiri au usiku. Hakukuwa na Adhuhuri katika majibu hayo.

Kama kijana angeanzia Mwanza na kurudi nyuma, angeona mara moja. Ili kuwahi ndege ya saa 7 na dakika 55, unatakiwa uwe dirishani kabla halijafungwa. Mashirika hutofautiana, ila kwa safari za ndani hesabu dakika 40 hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Kwa hiyo saa 7 kasoro uwe ndani ya Jengo la Pili. Je, kuna chombo kinachokutoa Tanga saa 1 na nusu na kukufikisha pale saa 7 kasoro? Ndege ya saa 6 na dakika 50, ile waliyoishukuru, haikuweza kamwe. Ilikuwa imeshashindwa hata kabla hawajalipa.

Gari lingeweza. Jirani yao ana Noah, na aliwaambia asubuhi ileile kwamba yuko tayari kuwapeleka popote. Kutoka Tanga hadi Dar kwa barabara ni karibu kilomita 350 ukipitia Segera na Chalinze. Ukifika Msata unaweza kukatia njia ya Bagamoyo, kipande cha lami cha kilomita 64, ukaingia Dar kwa upande wa Bunju na Tegeta badala ya kubanana na malori ya Chalinze, Mlandizi na Kibaha. Dereva anayeheshimu kilomita 50 kwa saa kwenye vijiji, na hana namna kwa sababu askari wa barabarani wapo, hutumia kama saa 5 hadi 5 na nusu kufika uwanjani, ikiwa Mwenge, Ubungo na Tazara hazijaziba. Wakitoka saa 1 na nusu, wangefika kati ya saa 6 na nusu na saa 7. Wangetua Mwanza saa 9 na dakika 25, na saa 10 na nusu wangekuwa Nyegezi.

Kwa maneno mengine, Noah ya jirani ilikuwa na kasi kuliko ndege. Bibi aliposikia hivyo alinyamaza muda mrefu, nami sikuona sababu ya kumharakishia neno la kumfariji.

Lakini sitaki mtu aondoke hapa na jibu jepesi la "wangepanda gari". Hesabu hiyo ina uwazi wa dakika chache sana. Pancha moja Mkata, foleni moja Ubungo, na ndege imekwenda. Mimi nisingethubutu kuwaahidi wazee wa Nyegezi kitu kilichofungwa kwa uzi mwembamba namna hiyo. Ningewaambia: tunajaribu, tukiwahi ndege ya mchana mtatuona saa 10 na nusu, tusipowahi msitungoje.

Basi je? Basi la saa 2 asubuhi kutoka stendi ya Kange, kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa, lingewafikisha Stendi ya Magufuli pale Mbezi kwenye saa 8 na ushei. Kutoka Mbezi hadi uwanjani ongeza saa 1 au zaidi. Wangekaa dirishani saa 9 na nusu au saa 10 na kupanda ndege ileile ya saa 12 na dakika 10 waliyopanda. Nauli ya ndege ndogo iliwanunulia nini, basi? Haikuwanunulia hata dakika moja ya kufika mapema Nyegezi. Iliwapunguzia uchovu, na kwa bibi mwenye magoti hilo si dogo, sitalidharau. Ila walidhani wananunua muda.

Tuliangalia na KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ukiitazama ramani, inavutia: badala ya kushuka kusini hadi Dar halafu kupanda tena magharibi, unakwenda kwa barabara kupitia Korogwe, Same na Moshi, safari isiyopishana sana kwa urefu na ile ya Dar, kisha kutoka Kilimanjaro hadi Mwanza ni kilomita kama 470 tu za anga. Siku ambazo kuna ndege ya saa inayofaa, ni njia nzuri na watu wachache wa Tanga huikumbuka. Siku ile haikuwepo ya kuwasaidia. Barabara tupu hadi Mwanza, kupitia Arusha, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita elfu moja, wangefika Alhamisi. Na ndege ya kukodi hulipiwa nzima, haiuzwi kiti kimoja kimoja, tena kwanza ije kutoka Dar kuwachukua. Familia ile haikuwa na uwezo huo, na familia nyingi hazina.

Jua la Mwanza

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyelihesabu, na lilikuwa upande wao. Tanga na Mwanza tunasoma saa ileile, lakini hatuoni jua lilelile. Mwanza iko magharibi yetu kwa digrii 6 na kidogo, na jua hutumia dakika 4 kwa kila digrii. Kwa hiyo likizama Tanga, Mwanza bado lina kama dakika 25. Wanaofunga Ramadhani na jamaa zao wako kanda ya ziwa wanalijua hili vizuri: huku tumeshafuturu, kule wanatazama tende.

Wazee wa Nyegezi walizika saa 11 na dakika 45, jua bado liko juu kiasi. Magharibi yao ilikuwa mbali kuliko ya Tanga. Kama msafara ungekuwa unakaribia kweli, nafasi ya kuwangoja ilikuwepo. Tatizo ni kwamba wao hawakujua kama wanamngoja mtu aliye Ilemela au aliye Dar.

Simu ya saa 9 na nusu

Hilo linanileta kwenye sehemu inayoniuma kuliko zote. Saa 9 na nusu alasiri, kijana alikuwa ameshajua. Tiketi ya saa 12 na dakika 10 ilikuwa mkononi. Mjomba mmoja wa Nyegezi alipopiga, alijibiwa: "Tuko Dar tayari, mjomba, tunaunganisha."

Ni kweli walikuwa Dar, na ni kweli walikuwa wanaunganisha. Lakini kwa mzee aliyeambiwa asubuhi kwamba safari nzima ni saa 1 na dakika 22, "tuko Dar tayari" ina maana moja: wamebakiza kidogo. Akawaambia wenzake wavute subira. Ndiyo maana msikiti ulikaa umejaa kuanzia Alasiri, watu wameacha maduka na shughuli zao, vijana wa kuchimba wameshamaliza na kukaa kivulini. Saa 11 na dakika 20 ndipo mtu alipouliza kwa ukali kidogo, "Ndege yenu inaruka saa ngapi?", na ukweli ukatoka.

Simlaumu kijana kwa moyo wake. Alikuwa amesimama na mama yake analia, na mdomo ulikataa kusema saa 2 usiku. Hata hivyo wazee walikuwa wanaamua jambo zito kwa kutegemea neno lake. Kuchelewesha mazishi au kutochelewesha ni shauri la wenye msiba na masheikh wao, siliingilii. Ninachosema ni kwamba shauri hilo linahitaji saa ya kweli. Mjomba wa Nyegezi alipoelezwa hesabu yote baadaye kwa simu, alisema waziwazi: wangejua saa 9 na nusu kwamba dada mtu anafika usiku, wangekaa na kuamua mambo mawili. Ama wazike mara baada ya Alasiri bila kuwaweka watu, ama, kwa kuwa ni dada pekee wa marehemu, wamlaze na kumzika asubuhi saa 3. Yote mawili yalikuwa mikononi mwao. Kilichotokea hakikuwa hata kimoja: walingoja, na bado hakufika.

Lini hesabu ya simu inaaminika

Barazani, mdogo wa marehemu aliniuliza kama basi programu hizo tuzitupe. Hapana. Tanga hadi Pemba, kilomita 84, ndege ikienda moja kwa moja, mstari wa ramani na njia ya ndege ni kitu kimoja; ukijua mwendo wa Caravan utapata muda wa hewani bila kukosea sana. Dar hadi Mwanza vilevile, maana kuna ndege inayoruka njia hiyo kweli. Namba inaharibika pale miji miwili isipokuwa na ndege kati yake. Tanga hadi Mombasa ni kilomita 130 tu kwa anga, na programu itakupa muda mdogo wa kupendeza, lakini anayekwenda Mombasa kutoka hapa anapanda gari, anapita mpaka wa Horohoro na kivuko cha Likoni, na muda wake unaamuliwa na foleni za mahali hapo pawili.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia kilomita, tafuta kama kuna kiti kinachouzwa kati ya miji hiyo miwili kwa tarehe hiyo. Kama hakuna, gawa safari kwenye vipande vyenye viti, anza na kipande chenye ndege chache, na hesabu kutoka mlango hadi mlango. Na soma saa za tiketi kwa utulivu: 18:10 ni saa 12 na dakika 10 jioni, kichwa chenye msiba hukosea hata hilo.

Kabla hatujaondoka barazani, kijana alichukua simu akaniomba tuandike pamoja ujumbe ambao angeupeleka Nyegezi asubuhi ile, kama angejua. Tuliuandika, bibi akausikiliza, akaongeza mstari wa mwisho yeye mwenyewe:

"Wajomba, assalaam alaykum. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Tanga. Tunatoka sasa hivi kwa gari. Tukiwahi ndege ya mchana Dar, tutakuwa nyumbani saa 10 na nusu. Tukiikosa, ni saa 3 usiku. Kabla ya saa 8 mchana tutawaambia ni ipi kati ya hizo mbili. Msiposikia kwetu hadi saa 8 na nusu, hesabuni kwamba tumeikosa. Uamuzi wa kuzika ni wenu, nasi tumeridhia."

Akautuma hivyo hivyo kwa mjomba wa Nyegezi, ingawa mazishi yalikwishapita. Jibu lilirudi kabla hatujavaa viatu: "Ungetufikia huu Jumatano, tungemlaza. Mwambie mama yako."